Dirisha la Baharini Halijafungwa

Stenies, Andros
Jumatano, 20 Februari 1963

Mpendwa wifi yangu Evanthia,

Hujambo, wifi? Na shemeji Thrasos, mgongo wake umepata nafuu, au bado anabeba masanduku ya soda mwenyewe kwa ubahili wa kuajiri mtu? Na watoto je? Picha mliyotuma wakati wa Krismasi tumeiweka juu ya kabati la vyombo, karibu na ile ya harusi yenu. Kila aingiaye anaambiwa huyu mrefu ni Petros, na huyu mwenye mapengo ni Frosini mdogo. Nasikia huko Melbourne sasa hivi ni joto la kuchoma nyayo. Tuazimeni kidogo, maana huku upepo wa kaskazini umeingia tangu mwisho wa Januari na hauna adabu ya kuondoka.

Ukiniuliza mimi, mwili ni mzima, namshukuru Mungu, lakini roho iko juu juu. Utauona mwandiko wangu unavyotambaa. Wewe uliyekuwa ukinicheka kwamba naandika kama karani wa bandari, leo ungenionea huruma. Habari za Mama yenu nitakupa mahali pake. Niache nifuate njia yangu, wifi, nikianzia katikati nitashindwa kumaliza.

Kwanza kaa kitako. Nakujua, unasoma barua umesimama jikoni huku unakoroga sufuria. Zima moto ukae. Na neno moja nakuomba kwa magoti: hata ukikutana na nini humu ndani, usikimbilie posta. Usimpelekee kaka yako telegramu, wala Thrasos asipeleke, mpaka umefika mstari wa mwisho. Ukishafika, nitukane upendavyo. Ulimi wako nimeuzoea.

Kaka yako yuko baharini. Najua utasema Marigo amechanganyikiwa, mtu wa miaka sitini na moja, mwenye ofisi bandarini Pirea na kiti cha ngozi, anatafuta nini baharini mwezi wa Februari? Hata mimi nilimuuliza hivyo hivyo. Nilimuuliza kwa upole, kisha kwa makelele, kisha nikamfichia viatu. Akaondoka na viatu vya marehemu baba mkwe.

Yote yalianza Desemba, siku ya Mtakatifu Nikolao wa mabaharia. Tulipotoka kanisani wanaume waliingia mkahawani kama kawaida, kaka yako akiwa mbele, akiwanunulia vijana wa meli, na sisi wanawake tumesimama mlangoni na sahani za keki. Zannis alikuwepo. Huyu ni Zannis yule yule binamu yenu, nahodha wa meli yetu kwa miaka minane, mtu asiyesema neno mpaka alipime mara mbili. Akaweka kikombe chini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Kapteni Stamatis, hivi baridi hii wewe utalala wapi?”

“Nitalala kitandani kwangu. Ulitaka nilale kwa mkeo?”

Watu wakacheka. Zannis hakucheka.

“Sisi tutalala juu ya mshono wa ghala la pili la shehena,” akasema. “Ule unaolia.”

“Meli zote zinalia, Zannis.”

“Huu unalia kwa sauti ya mtu.”

Unaijua meli yetu. Ni hizi za vita za Waamerika, zilizoungwa mbiombio, bamba kwa bamba, na sasa zimezeeka. Mafundi wa Pirea walikuwa wameugonga mshono ule kwa nyundo wakasema unafaa. Kaka yako alisema atauchomelea upya kiangazi, meli ikiwa tupu. Alikuwa amekwisha kusema hivyo kiangazi kilichopita pia. Sasa akawatazama vijana mmoja mmoja, na kila mmoja alitazama kikombe chake. Nikaona uso wa kaka yako ukibadilika rangi, nikajua tumekwisha.

“Haya,” akasema. “Nipishe chumba chako. Safari hii nahodha ni mimi, na wewe utakuwa msaidizi wangu kama zamani. Baba alisema nini? Mwenye meli hampeleki mtoto wa mtu mahali asipokwenda yeye.”

Basi hapo nani atakataa tena? Ishirini na wanane, karibu wote wa hapa kijijini, walitia sahihi. Wanawe Bi Moskha wote wawili wamo, Nikiforos na Drakos. Mume wa Asimina ndiye Zannis mwenyewe. Nikitoka nje ya mlango wangu, wifi, kila paa ninaloliona lina mtu wake kwenye meli yangu. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Watu wa mbali wanadhani mwenye meli ni mtu wa kukaa tu na kuvuta sigara nene. Hawajamwona kaka yako. Tangu baba mkwe alipomweka jikoni mwa meli amenye viazi, na yeye mtoto wa miaka kumi na tatu, hajajua kulala. Nimeishi na mtu anayeamka upepo ukigeuka. Akiwa ofisini Pirea anapiga simu posta ya hapa alfajiri, si kuuliza hali yangu, bali kuuliza mawimbi yamefika wapi kwenye mnara wa taa. Anakula amesimama. Meli ikiwa safarini hakati nywele, kwa hiyo nusu ya maisha yangu nimekaa na mtu wa mwituni. Anajua kijana gani ana jino bovu na mama wa nani ana presha, na nusu ya watoto wa kijiji amewabatiza yeye. Wakati mwingine nilimwonea wivu huyo baharia mwenye jino bovu.

Na hofu yake ni moja tu, ambayo hata wewe unaijua. Hujasahau, ulikuwa msichana mdogo, baba mkwe alipopokea habari za meli yake ya kwanza iliyozama. Alipanda ngazi, akafunga dirisha la baharini la chumba cha juu kwa mikono yake, ndipo akashuka kwenda kugonga milango ya watu. Kabla hajafika nyumba ya kwanza kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kuona na kuanza kulia. Mwaka wa kwanza wa vita meli nyingine ikazama, na baba mkwe ndani yake, zamu ikawa ya kaka yako. Nilimwona akiishika mbao ya dirisha, anashindwa kuivuta. Alipomaliza akaniambia, Marigo, dirisha hili lisifungwe tena maadamu niko hai, hata nyumba ijae theluji. Na halikufungwa. Majira yote ya baridi tumelala na chumvi sakafuni, na mbao mbili zile zimening'inia nje ukutani, kulabu zimeshika kutu.

Chumba hicho, kama unavyojua, ndicho cha Mama.

Meli ilitoka Amerika na makaa ya mawe kwenda Rotterdam. Alhamisi moja ikaja telegramu. Ilisema bahari mbaya, tunakwenda polepole, na mwishoni kama kawaida yake: Mama mzima? Hajawahi kuandika telegramu bila maneno hayo mawili. Alipoileta meli ile baada ya vita watu walimwambia aipe jina la baba. Akasema baba amelala chini ya maji, yeye anataka jina la mtu anayeamka asubuhi. Akaiita Frosini, jina la Mama. Tangu hapo mabaharia hawatii sahihi kabla hawajapanda hapa kumgusa Mama mkono, naye huwapiga vikofi vya shavu na kuwaambia wasimwaibishie jina. Hata kaka yako alipigwa kimoja safari hii, mbele ya vijana wake.

Baada ya telegramu ile, kimya. Mimi ni mke wa mtu wa bahari, nimezoea kimya cha siku mbili tatu. Lakini kimya kingi kina mshindo mkubwa. Pirea waliuliza meli nyingine kwa redio, hakuna aliyeisikia Frosini. Kila asubuhi Bi Moskha alipita na bakuli la supu, akisimama uani.

“Mama ameamkaje, Marigo?”

“Ameamka vizuri, Bi Moskha.”

“Amekula?”

“Amekula.”

Wifi, alikuwa hali kitu. Tangu Jumapili iliyofuata telegramu ile Mama alishikwa na homa ya mapafu, anapumua kama mtu anayekokota gunia. Nilidanganya. Ningefanyaje? Alikuwa hamuulizii Mama, alikuwa anawaulizia wanawe. Na mimi, Mungu anisamehe, kila nilipomgeuza Mama ubavu nilikuwa nasema moyoni, usife, usife, usiondoke na wale ishirini na wanane. Sijui kama nilimwombea yeye au meli. Nimejiuliza sana na jibu sijalipata.

Daktari alikuja kutoka mjini Hora kwa punda, maana barabara ilikuwa imechukuliwa na matope. Ni kijana mpya, mwenye miwani. Usiku uliotangulia upepo ulikuwa umevunja kioo cha dirisha la Mama, na fundi wa kioo hawezi kufika. Nilikuwa nimegongelea blanketi.

“Funga hizo mbao za nje, mama,” akaniambia. “Mgonjwa wa mapafu hakai upeponi.”

“Daktari, kwenu wapi?”

“Larisa.”

“Huko Larisa mna bahari?”

“Hatuna.”

“Basi andika dawa.”

Akaandika dawa. Lakini Ijumaa mchana upepo uling'oa blanketi na misumari yake. Nikagongelea tena, ukang'oa tena. Tulijaribu kumhamisha Mama chumba cha nyuma, mimi na yule msichana wetu wa kazi, lakini tulipomwinua tu alipoteza pumzi, midomo ikawa ya bluu, tukamrudisha haraka. Alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Nikamtazama yeye, nikatazama dirisha. Nikasema moyoni, nitafunga ubawa mmoja tu. Mmoja si dirisha zima. Kila mtu ataona wa pili uko wazi, ataelewa ni baridi.

Nikautoa kwenye kulabu kwa nyundo, nikauvuta. Mama akatulia kidogo. Nikakaa kwenye kiti kando yake, nimemshika mkono, na kwa vile sikuwa nimepata usingizi wa maana tangu homa ianze, nikalala hapo hapo nimekaa.

Niliamshwa na kengele ya kanisa. Chumba kilikuwa giza. Nikadhani nimelala mpaka usiku, kumbe ni saa tisa mchana. Upepo ulikuwa umeung'oa ubawa wa pili kwenye kulabu, ukaubamiza, na dirisha zima limefungwa.

Mama yangu we! Sijui nilishukaje ngazi. Nilipofungua mlango walikuwa wamekwisha kujaa uani, nywele zimefunguliwa, wengine hawana viatu. Asimina alikuwa ameketi kwenye matope anajipiga magoti. Bi Moskha alinishika hapa kooni.

“Sema! Wote, au kuna waliobaki?”

“Hakuna habari! Hakuna kilichokuja, jamani! Ni baridi, ni baridi ya Mama!”

“Baridi imezaliwa leo? Dirisha lile halijafungwa kwa baridi tangu vita!”

“Nimefunga ubawa mmoja, upepo umefunga wa pili. Naapa kwa Mtakatifu Nikolao...”

“Usimtie mtakatifu mdomoni! Mumeo ndiye aliyesema meli zote zinalia! Haya, sikiliza, sasa zinalia!”

Hapo, wifi, nami nikaanza kuamini. Cheka ukitaka. Niliwatazama wanavyolia nikajisemea, hawa wanajua, mimi ndiye sijui, mkono wangu umefunga kwa sababu mkono umekwisha kujua. Nikamvuta Bi Moskha kwa mkono ule ule alionishika, nikampandisha juu.

Alisimama mlangoni mwa chumba. Akamwona Mama, ambaye kwa wiki nzima nilimwambia ameamka vizuri na amekula. Akaona vioo sakafuni, blanketi limechanika, misumari. Kisha akaenda dirishani akazisukuma mbao kwa bega, zote mbili, mwanga ukaingia, na huko chini uani kelele zikakatika.

Upepo nao ukaingia. Mama akaanza tena kutetemeka. Bi Moskha akamtazama, akalitazama dirisha. Akapandisha sketi, akapanda kwenye kizingiti cha dirisha, akaketi mgongo kwa bahari na uso kwetu, akatandaza shali lake mabegani mpaka kwenye fremu.

“Asimina!” akaita. “Acha kugaagaa matopeni, njoo huku! Wewe una mgongo mpana.”

Mtu mmoja akacheka huko chini, katikati ya machozi. Asimina akapanda na matope yake. Wakaketi wawili, bega kwa bega, na upepo ukazibika. Walipokakamaa viungo wakapokewa na wengine wawili. Hivyo jioni yote, usiku, mpaka asubuhi, wanawake wa Stenies walikuwa kioo cha dirisha la Mama. Niliwapikia kahawa na soseji za nguruwe tuliyemchinja Januari. Walikuwa wanasemana, wanazozana, mmoja anasimulia jinsi mumewe anavyokoroma, na mvua inawapiga migongoni. Hakuna aliyetaja meli. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pa Mama, naogopa hata kukohoa.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nawamiminia kahawa, nikamwona juu ya mabega yao Bwana Theofilos wa posta anapanda ngazi za kijiji. Wao hawakumwona, walimpa mgongo. Unamfahamu, hajawahi kuonekana bila kofia ya serikali isipokuwa kanisani na kwenye msiba. Wifi, alikuwa kichwa wazi. Na mkononi ana karatasi.

Birika lilinianguka. Bi Moskha akaniangalia usoni, akafumba macho, akasema kwa sauti ndogo, “Usiniambie. Niache nikae hivi kidogo.” Hakugeuka. Aliendelea kuzuia upepo.

Theofilos aliingia anahema, amelowa. Kofia ilikuwa imechukuliwa na upepo pale darajani, mjinga yule, na hakusimama kuiokota kwa kuharakisha habari njema. Ilitoka Horta, visiwa vya Wareno: Tumeingia tukivutwa. Mshono umefunguka. Wote wazima. Mama mzima?

Nilisoma kwa sauti. Sijui nilisoma mara ngapi, kila aliyeingia alitaka isomwe upya. Bi Moskha alishuka dirishani akambusu Theofilos mdomoni mbele ya watu, na kama unavyojua hawa wawili hawajasemezana tangu ile kesi ya mbuzi.

Mama akafungua macho. Kwa siku mbili alikuwa hajafungua.

“Kafika?”

“Kafika, Mama. Wote wamefika.”

“Na ile meli?”

“Imepasuka, Mama. Lakini inaelea.”

“Kama mimi,” akasema, na mdomo ukafanya ile dharau yake unayoijua. Akavuta pumzi mara kadhaa. “Basi sasa funga dirisha, Marigo. Naona baridi.”

“Naam, Mama.”

Nikainuka. Nilikuwa nimekwisha kushika mbao, Bi Moskha akanidaka kiganja.

“Bado,” akaninong'oneza. “Hawajafika nyumbani.”

Nikasimama pale, mkono mmoja umeshika mbao na mwingine umeshikwa. Sikuvuta wala sikuachia. Nilipogeuka kumweleza Mama, alikuwa amekwisha kuondoka.

Evanthia, wifi yangu, mama yako hayupo. Pole, mdogo wangu. Pole sana. Aliondoka macho yake yako dirishani na uso wake umetulia, nyumba imejaa watu, kahawa inanukia. Lia sasa, nami nalia nawe. Lakini usiinuke kwenda posta.

Tumemzika Jumapili kando ya kaburi tupu la baba mkwe. Padri Yakoumis alipiga kengele mara moja tu, taratibu. Tulichemsha ngano ya marehemu, tukafanya yote yapasayo, ila moja. Nyumba ya msiba hufungwa madirisha, na yetu haikufungwa. Kabla ya mazishi wanawake wote walikutana jikoni kwangu wakakubaliana: hakuna atakayewaandikia waliomo melini. Bi Moskha aliwaapisha mmoja mmoja. Kijiji hiki, ambacho hakijawahi kutunza siri ya mimba hata wiki moja, sasa kimefunga mdomo.

Sababu ni hii. Kaka yako ameleta telegramu nyingine: Zannis alisema kweli. Tunachomelea upya. Nitaifikisha mwenyewe. Wako bandarini wiki kadhaa, kisha wanaingia tena bahari ile ile, kwenye meli ile ile. Kaka yako akijua sasa hivi, ama atatafuta ndege aje kulilia kaburi, na vijana wabaki na meli iliyopasuka bila mtu aliyewaahidi kuwa nao. Ama atabaki, na wote wajue wanasafiri ndani ya jina la maiti. Asimina anamjua mumewe, anasema mkono wa Zannis utalegea kwenye usukani. Mtu mwenye hofu baharini ni nusu mtu. Ningeweza ningemwambia auache mkebe ule uozee Horta, lakini unamfahamu. Kwa hiyo nilimjibu maneno manne: Dirisha wazi. Tunakungoja nyumbani. Sikusema uongo, wala sikusema kweli. Yeye akisoma dirisha wazi atajua kila mtu yu hai.

Naogopa, wifi. Naogopa bahari mpaka watakapofika, na naogopa zaidi siku watakayofika. Unajua anavyoingia nyumbani. Hajawahi kunisalimu mimi kwanza. Anasimama chini ya ngazi, kofia bado kichwani, anaita “Mama!” mpaka vyombo vinalia. Nimejaribu kulifikiria neno nitakalomjibu, sina. Wewe ni damu yake, ukilipata huko niletee. Na ukiona nimekosa kumficha, niambie mimi, usimwambie yeye. Hasira zako zote zilete kwangu.

Msalimie sana shemeji Thrasos, mwambie asibebe masanduku. Mbusu Petros, na Frosini mdogo umbusu mara mbili, sasa jina amebaki nalo yeye na ile meli. Bi Moskha anakusalimu na anasema Mama alioshwa na mikono inayompenda. Asimina na Padri Yakoumis ninawasalimia kwa niaba yako bila kuambiwa. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, na Mtakatifu Nikolao aweke kiganja chake chini ya mshono ule.

Naandika barua hii chumbani mwa Mama, nimevaa koti lake. Fundi wa kioo bado hajafika, na karatasi nimeikandamiza kwa viwiko isiruke. Neno lake la mwisho aliniambia mimi, akiomba kitu kidogo tu, na mpaka leo sijamfanyia. Mbao ziko wazi. Kaka yako atakapofika, nitampandisha huku juu, nitamwambia mama yake alisema anaona baridi, na nitamwacha afunge mwenyewe.

Mimi wifi yako, nisiyeacha kukupenda hata ukininunia,

Marigo